"Usury" na "Interest": Maneno Mawili, Riba Ngapi?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa Kiislamu katika vyuo vya hapa Uganda tunasoma karibu masomo yetu yote kwa Kiingereza. Wengi wetu hata tarjuma ya Qur'ani tuliyonayo kwenye simu ni ya Kiingereza. Fungua tarjuma ya Abdullah Yusuf Ali, Surat al-Baqara aya ya 275, utaona kwamba wale wanaokula riba wametajwa kwa neno "usury". Kisha fungua Sahih International mahali hapo hapo, utakuta neno "interest".

Sasa mfikirie mwanafunzi wa uchumi au wa biashara. Darasani amefundishwa kwamba benki hutoza "interest", na kwamba "usury" ni kosa la mkopeshaji anayenyonya watu. Akisoma tarjuma ya kwanza ataona aya inawahusu wanyonyaji peke yao. Akisoma ya pili ataona inahusu mkopo wowote wenye nyongeza. Aya ni moja na Kiarabu chake ni kimoja, lakini mwanafunzi huyu anapata hukumu mbili. Na hukumu hiyo si ya mtihani tu, kwa sababu kesho yake ataombwa atie saini fomu ya mkopo.

Katika makala hii nitayaeleza maneno haya mawili ya Kiingereza: yalikotoka, yanavyotumika leo, na yanavyosimama mbele ya neno la Qur'ani, riba. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mufti. Ninachokileta ni somo, na atakayetaka fat'wa ya jambo lake awaendee wenye elimu.

1. Asili ya maneno

"Usury" limetokana na Kilatini, usura, nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kutumia. Maana yake ya mwanzo ilikuwa malipo ya kutumia fedha ya mtu. Halikubeba maana ya kuzidi kiasi. Kanisa la Ulaya katika karne za kati lilipokataza usura, lilikataza nyongeza yoyote juu ya mkopo, iwe ndogo au kubwa.

"Interest" nalo lina asili ya Kilatini, interesse, yaani kuwa katikati, na baadaye kuleta tofauti au kuhusika. Wanasheria wa Kanisa walilitumia kwa jambo jingine kabisa. Mtu akikopeshwa, akachelewa kulipa, na mkopeshaji akapata hasara kwa ucheleweshaji huo, aliweza kudai fidia. Fidia hiyo ilikuwa tofauti kati ya hali ambayo angekuwa nayo kama angelipwa kwa wakati na hali aliyonayo sasa. Hiyo ndiyo waliyoiita interesse. Kwa hiyo usura ilikuwa malipo ya mkopo wenyewe, na interesse ilikuwa fidia ya hasara.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa kuwa moja lilikuwa haramu na jingine halali, wafanyabiashara walianza kuyaita malipo ya mkopo kwa jina la fidia. Kidogo kidogo jina la halali likaenea hadi likafunika kila nyongeza, na jina la haramu likasukumwa pembeni.

Upo ushahidi mwepesi wa mabadiliko haya. Tarjuma ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, inayojulikana kama King James, katika Mathayo 25:27 imetumia neno "usury" kwa nyongeza ambayo bwana angeipata kama fedha yake ingewekwa kwa watoao riba. Tarjuma nyingi za Kiingereza cha leo zimeandika "interest" mahali hapo hapo. Neno la Kigiriki halikubadilika. Kilichobadilika ni Kiingereza.

2. Sheria ilivyolibadilisha neno

Historia ya sheria za Uingereza inaonyesha mabadiliko hayo kwa tarakimu. Mwaka 1545, zama za Mfalme Henry VIII, sheria iliruhusu nyongeza hadi asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 1552 ruhusa hiyo ikafutwa, ikawa nyongeza yote ni kosa. Mwaka 1571, zama za Malkia Elizabeth I, kikomo cha asilimia 10 kikarudi. Mwaka 1624 kikashushwa hadi 8, mwaka 1660 kikawa 6, na mwaka 1714 kikawa 5.

Katika kipindi hicho neno "usury" lilianza kuwa na maana ya kuvuka kikomo cha sheria, na kilicho chini ya kikomo kikawa "interest". Mwaka 1787 mwanafalsafa Jeremy Bentham alitoa kitabu cha kuitetea "usury", akipinga serikali kuweka kikomo chochote. Mwaka 1854 Uingereza ilizifuta sheria zake zote za "usury".

Hebu chukua mkopo mmoja wa asilimia 9 kwa mwaka uupitishe katika miaka hiyo. Mwaka 1553 ungekuwa kosa. Mwaka 1572 usingekuwa kosa. Mwaka 1630 ungekuwa kosa tena. Mwaka 1855 hakuna ambaye angekuuliza. Mkopo haukubadilika, wala dhulma yake au uadilifu wake. Kilichosogea ni mstari uliochorwa na bunge.

Hili ndilo la kwanza ninalotaka tulishike: tofauti ya "usury" na "interest" katika Kiingereza cha leo ni tofauti ya kiasi na ya sheria ya nchi, na mstari wake unahama.

3. Matumizi ya leo

Kwa mwanafunzi anayeandika insha kwa Kiingereza, mambo manne yanatosha.

Kwanza, "interest" ni neno la kawaida lisilo na lawama. Benki hulitangaza ukutani: "The bank pays interest on savings." Hakuna benki itakayobandika tangazo kwamba inalipa "usury".

Pili, "usury" ni neno la kulaumu. Anayelitumia tayari ametoa hukumu. Mara nyingi mkopeshaji husema anatoza "interest", na mdaiwa aliyeelemewa ndiye anayesema ametozwa "usury". Sifa yake ni "usurious", kama katika "usurious rates", yaani viwango vya kinyonyaji.

Tatu, "interest" lina maana nyingine nyingi zisizohusiana na mikopo, zote zikitoka katika ile asili ya kuhusika. "She has an interest in the company" maana yake ana sehemu katika kampuni, na sehemu hiyo inaweza kuwa halali kabisa. "Conflict of interest" ni mgongano wa maslahi. "Public interest" ni maslahi ya umma. Usikimbilie kuandika riba kila unapoliona neno hili.

Nne, sheria nyingi za leo hazitumii neno "usury" hata zinapoweka kikomo. Hapa Uganda, mwaka 2024 Wizara ya Fedha iliwawekea wakopeshaji fedha wenye leseni kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, sawa na asilimia 33.6 kwa mwaka. Anayetoza 2.7 yuko ndani ya sheria, na kwa Kiingereza cha sheria hiyo anatoza "interest". Kama fedha hiyo ni riba au si riba, sheria hiyo haikukusudia kujibu.

4. Riba katika Kiarabu cha Qur'ani

Riba asili yake ni kuzidi na kukua. Maulamaa wa fiqhi wameigawa katika mafungu mawili makubwa. Riba an-nasi'a ni nyongeza inayotokana na muda, na ndiyo inayohusu mikopo. Riba al-fadhl ni kubadilishana vitu vya jinsi moja kwa kuzidishana. Msingi wa fungu hili ni Hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.) iliyopokewa na Muslim, iliyotaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi.

Tayari unaona kwamba si "usury" wala "interest" linaloweza kuibeba riba yote. Mtu akibadilisha kilo mbili za tende duni kwa kilo moja ya tende nzuri, hakuna mwanauchumi atakayeita hiyo "interest". Katika fiqhi ni riba.

Upande wa pili, si kila nyongeza ni riba. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliazima ngamia mdogo, akalipa ngamia bora zaidi, akawasifu wanaolipa kwa uzuri. Nyongeza hiyo haikuwekewa sharti. Iwapo ingewekewa sharti tangu mwanzo, hukumu ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo, katika mikopo, riba haipimwi kwa wingi wa asilimia. Inapimwa kwa swali moja: je, imeshurutishwa nyongeza juu ya rasilimali kwa ajili ya mkopo?

5. Hoja ya wanaotenganisha, na majibu yake

Ni haki kuitaja hoja ya upande wa pili, kwa sababu utakutana nayo darasani. Wapo wasomi wa Kiislamu waliosema kwamba riba iliyoharamishwa ni ile ya kinyonyaji tu. Fazlur Rahman wa Pakistan aliandika kuhusu suala hili mwaka 1964. Yusuf Ali mwenyewe, katika maelezo yake chini ya aya ya 275 ya al-Baqara, alisema kuwa tafsiri yake ya riba haiingizi mikopo ya kiuchumi ya mabenki ya kisasa. Kwa hiyo alipochagua "usury", alilichagua akiwa na rai nyuma yake.

Dalili yao kubwa ni Surat Aal Imran aya ya 130, inayokataza kula riba iliyozidishwa maradufu kwa maradufu. Wanaongeza kwamba riba ya zama za Jahiliyya ilikuwa hivyo. Imam Malik amepokea katika Muwatta kutoka kwa Zayd bin Aslam kwamba deni lilipofika muda wake, mdai alimuuliza mdaiwa: utalipa, au utazidisha?

Jumhuri ya maulamaa imejibu, na majibu yao nayapanga hivi.

La kwanza, sifa ya maradufu katika aya hiyo inaeleza hali mbaya iliyokuwapo. Haiweki kiwango. Mfano wake ni Surat al-Israa aya ya 31, iliyokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Hakuna anayefahamu kwamba kuwaua kwa sababu nyingine kunafaa.

La pili, aya za al-Baqara 278 na 279 zimeamuru kuacha riba yote iliyobaki, kisha zikaeleza kile ambacho mtu ana haki ya kukichukua akitubu: rasilimali yake, bila kudhulumu wala kudhulumiwa. Kama nyongeza ndogo ingekuwa halali, hapa ndipo mahali pa kuitaja. Haikutajwa. Mpaka uliowekwa ni rasilimali yenyewe.

La tatu, katika Khutba ya Kuaga Mtume (S.A.W.) alitangaza kwamba riba ya Jahiliyya imefutwa, na akaanza na riba ya ami yake, Abbas bin Abdul-Muttalib (R.A.). Aliifuta yote, bila kuipunguza hadi kiwango fulani.

Msimamo huu ndio uliopitishwa pia na vikao vya maulamaa wa zama zetu. Mwaka 1965 mkutano wa Majma' al-Buhuth al-Islamiyya mjini Cairo uliamua kuwa nyongeza katika mikopo ya kila aina ni riba, bila kutofautisha mkopo wa matumizi na wa uzalishaji. Mwaka 1985 Majma' ya Fiqhi ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu huko Jeddah ilitoa azimio kama hilo. Nchini Pakistan suala hili lilifika mahakamani. Mahakama ya Shariat ya Shirikisho ilitoa hukumu mwaka 1991 kwamba "interest" ya mabenki inaingia katika riba, na mwaka 1999 Benchi la Rufaa la Shariat la Mahakama Kuu ya nchi hiyo likaiunga mkono. Mwaka 2002 hukumu hiyo ilirudishwa isikilizwe upya, na mwaka 2022 Mahakama ya Shariat ikatoa uamuzi wenye msimamo ule ule.

6. Maneno haya yanapofika chuoni

Baadhi ya wanafunzi wenzangu walianzisha kikundi cha akiba. Kila mmoja alichangia kila mwezi, na mwenye shida akakopeshwa. Katiba yao iliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu kimoja kilisema kikundi hakitafanya "usury" kwa sababu ni haramu. Vifungu vichache mbele, kingine kilisema mkopo utatozwa "interest" ya asilimia 2 kwa mwezi.

Dada mmoja alikopa shilingi 500,000 kwa ajili ya ada, kwa miezi minne. Kwa asilimia 2 alitakiwa kuongeza 10,000 kila mwezi, jumla 40,000, hivyo kurudisha 540,000. Alipouliza kama hiyo si riba, mweka hazina alimjibu kwa upole: "Dada yangu, hii si 'usury'. Ni 'interest' ndogo tu, tena iko chini ya kikomo cha serikali."

Mweka hazina hakuwa mlaghai. Kwa Kiingereza alisema kweli. Lakini swali la dada lilikuwa la fiqhi, naye alijibiwa kwa kamusi. Ukiyaondoa maneno yote mawili ya Kiingereza na kuuliza lile swali la sehemu ya nne, jibu linakuja bila kelele: nyongeza ya 40,000 imeshurutishwa juu ya rasilimali ya 500,000 kwa ajili ya mkopo. Hiyo ni riba.

Kikundi kiliitisha kikao. Wengine walihofia kwamba bila nyongeza mfuko utakauka kwa gharama. Hofu hiyo ina jibu katika fiqhi. Mwaka 1986, katika kikao cha Amman, Majma' ile ile ya Fiqhi iliruhusu kutoza gharama za huduma ya mkopo, kwa sharti kwamba zisizidi gharama halisi zilizotumika. Kwa hiyo kikundi kinaweza kutoza ada ya kutuma fedha kwa simu na ya kuchapisha fomu. Hakiwezi kutoza asilimia inayokua kwa kadiri ya mkopo na muda, kisha kuiita ada. Kubadilisha jina peke yake ni kurudia walichofanya wale wafanyabiashara wa Ulaya.

Waliotaka mfuko ukue walishauriwa waingie ubia wa kweli: kikundi kinanunua mashine ya kuchapisha pamoja na mwanachama, faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana, na hasara inambeba kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. Hapo kinachopatikana si "interest", ni faida, na mwenye fedha amekubali kubeba hatari. Katiba ikaandikwa upya: mkopo wa shida ni qardh hasan, na mtaji unaotafuta faida uende kwenye ubia.

7. Na Kiswahili chetu je?

Kiswahili hakikugawanya neno. Sheikh Abdullah Saleh Farsy na Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, katika tarjuma zao za Qur'ani, wote wameliacha neno riba kama lilivyo. Benki nazo zinapoandika kwa Kiswahili hutumia neno hilo hilo. Huko Tanzania, Benki Kuu ilianza Januari 2024 kutangaza kiwango kinachoitwa wazi Riba ya Benki Kuu.

Hii ni neema, kwa sababu Mswahili hawezi kujificha nyuma ya msamiati. Lakini ina hatari yake. Kiingereza kilitakasa kitendo kwa kukipa jina jipya. Sisi tumebaki na jina la kale, ila tumelizoea hadi halishtui. Tunasoma tangazo la "mkopo wa riba nafuu" na kuona limetaja jambo jema. Msomaji wa al-Baqara alitakiwa asimame hapo kidogo.

8. Muhtasari

Kwa ufupi, "usury" ya zamani ilikuwa nyongeza yoyote juu ya mkopo, na hiyo ndiyo inayokaribia riba ya mikopo. "Usury" ya leo ni nyongeza iliyozidi, nayo ni nyembamba kuliko riba. "Interest" ya leo kwa maana ya malipo ya mkopo inaingia katika riba kwa kauli ya jumhuri, ila neno lenyewe lina maana nyingine zisizohusika, na linaiacha nje riba al-fadhl. Ukiandika insha kwa Kiingereza, andika "riba" kama lilivyo, lieleze mara moja, kisha endelea nalo. Na ukisoma tarjuma, uliza mfasiri ameishi zama gani na ameshika rai ipi.

Mwisho, tusisahau kwamba baada tu ya aya ya rasilimali inakuja aya ya 280, inayoamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Katika hosteli zetu wapo wenye dhiki hiyo, na wapo wanaowadai. Kujua maana ya maneno kutatufaa ikiwa kutatufikisha kwenye aya hiyo.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Soma al-Baqara 275 hadi 280 katika tarjuma mbili za Kiingereza. Neno lililochaguliwa limebadilisha vipi ufahamu wako?
2. Mkopo wa simu unatoza "ada" ya asilimia 9 kwa mwezi mmoja. Utatumia kipimo gani kujua kama ni gharama ya huduma au ni riba?
3. Rafiki yako amelipa deni la shilingi 50,000 akaongeza soda na chapati bila sharti wala mazoea. Ni riba? Toa dalili.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.